Mwoga Aliyeacha Kushtuka

Mume wangu Kaname ni mwoga, na hilo si siri kwa anayemjua. Anaogopa nyuki, anaogopa daktari wa meno, anaogopa simu inayolia tukiwa mezani. Kazi yake ni kujaza mashine za vinywaji, zile zinazosimama kando ya barabara na kwenye vituo vya treni. Mpaka leo akifungua mlango wa mashine hurudi nyuma kwanza, kwa sababu aliwahi kukuta mende ndani. Nilipomsimulia mama yangu habari zake, mama alicheka, akasema afadhali mwoga, kwani mwoga hurudi nyumbani mapema.

Kwa hiyo watu hushangaa wakisikia kwamba mtu huyo huyo alikuwa akienda msituni Yachimata, nyuma ya mashamba ya karanga, kupigana vita. Ni vita vya mchezo tu. Bunduki zenyewe ni za kuchezea, zinatumia betri, zinatema gololi za plastiki zisizozidi punje ya mbaazi. Watu wazima wenye wake na ofisi zao huvaa nguo za kijeshi, hujifunga vitambaa mikononi, wengine vyekundu, wengine vya njano, halafu huwindana kati ya miti ya mierezi mpaka chakula kiwe tayari. Kaka yake ndiye aliyempeleka mara ya kwanza. Kaka akachoka, Kaname akabaki.

Kilichomshika si kupiga. Kilichomshika ni kuzifungua zile bunduki. Jumamosi mchana alitandika magazeti kwenye meza ya jikoni, akapanga juu yake giya ndogo, springi, pistoni na skrubu, kila kitu kwa mpangilio wake, nami nikakaa upande wa pili na binti yetu Nagi mapajani ili asije akameza kitu. Alikuwa anasugua meno ya giya, anatia grisi kwa kijiti cha kuchokolea meno, anaweka vipete vya chuma vyembamba kama ganda la kitunguu ili giya zisigongane. Akimaliza, bunduki iliyokuwa inalia kama cherehani mbovu ilikuwa inanong'ona tu. Watu walimletea zao kutoka mbali. Ila hakuna aliyefanikiwa kumshawishi aongeze nguvu. Kwetu serikali imeweka kiwango, na bunduki ikikizidi, mwenye nayo ni mhalifu hata kama hajamgusa mtu. Kaname aliogopa hilo kuliko nyuki. Springi zake zilikuwa laini makusudi. Dobashi, dereva wa lori mwenye sauti ya kujaza ukumbi, alikuwa akimtania kwamba bunduki zake zinatema kama bibi anayetema mbegu za tikiti.

"Lakini mbegu zangu zinafika zinakotumwa," Kaname alimjibu siku moja. "Zako zinakwenda kutalii."

Sasa, mchezo huu una jambo moja ambalo asiyelijua hataelewa yaliyotupata. Gololi haiachi rangi wala alama kwenye nguo, na hakuna refa anayeweza kuiona kati ya majani. Aliyepigwa ndiye anayesema mwenyewe. Anainua mkono, anapaza sauti kwamba amepigwa, anatoka uwanjani. Aliyempiga haruhusiwi kumwambia, hata kama ameona gololi ikimdunda kifuani. Mchezo mzima umesimama juu ya ngozi ya mtu na ulimi wake. Asiyesema huitwa zombi, maana amekufa na bado anatembea, na hakuna jina baya kuliko hilo. Wala hawamwiti hivyo usoni. Wanachofanya ni kuhama meza. Unakaa na sahani yako ya wali na mchuzi wa kari, na benchi linabaki tupu pande zote mbili.

Kaname hakuwa na hofu ya jina hilo. Yeye kosa lake lilikuwa kinyume. Kokwa la mwerezi likimdondokea begani aliinua mkono na kutoka. Jani likimgusa, ametoka. Wakampa jina la Sungura. Dobashi alikuwa akisema kwamba ili kumuua Sungura huhitaji bunduki, unahitaji upepo. Wote walicheka na Kaname alicheka nao, kwa sababu ni utani wa watu wanaokupenda. Mimi nilikuwa nakaa bandani na Bi Orito, mwenye uwanja, nikimsaidia kupakua kari, na kupitia wavu niliona mkono wa mume wangu ukiinuka kabla ya mikono yote. Nikajua atakuja sasa hivi kunywa chai.

Majira ya baridi yale, mkono uliacha kuinuka.

Sikuliona mara moja. Nililoona kwanza ni kwamba chai yake ilikuwa inapoa. Mchezo ulikwisha, wengine wakatoka, naye akatoka wa mwisho, uso umemng'aa. Akaniambia kwamba siku hiyo hakushtuka hata mara moja. Alilala nyuma ya gogo, gololi zikapasua majani kila upande, na moyo wake ukatulia. "Mama Nagi," aliniambia njiani kurudi, "nadhani nimeanza kuwa jasiri." Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu koti la mwenzake.

Nilifurahi. Ningekosaje kufurahi? Wenzake pia walimpongeza. Dobashi alitangaza bandani kwamba Sungura ameota meno. Jumapili iliyofuata akabaki tena mpaka mwisho, na nyingine tena.

Wiki hizo hizo nilianza kuona mambo mengine. Wakati wa baridi mashine huuza kahawa ya moto, na Kaname akipakua makopo yaliyokwisha kupashwa huyakumbatia kwa mkono wa kushoto. Siku moja alipokunja mkono wa shati aoshe vyombo, niliona ngozi ya mkono ule imekuwa nyekundu kutoka kiwiko mpaka karibu na bega. Nilimuuliza. Akatazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine, akasema labda ni nguo mpya. Kisha akabandika kifuko cha joto begani, vile vifuko ambavyo kila mtu hubandika juu ya fulana, akasinzia nacho kwenye kochi mchana. Alipovua fulana, bega la kushoto lilikuwa na lengelenge kubwa kama kifuniko cha chupa. Nilishika mdomo. Yeye alikuwa akijaribu kujitazama kwenye kioo, akaniuliza ni nini.

"Hujasikia?" nikamuuliza.

"Nisikie nini?"

Nilimpaka dawa. Kidole changu kilipita juu ya nyama iliyoungua naye akaendelea kumchezea Nagi kwa mkono mwingine, anamtolea ulimi. Mtu ambaye akichomwa na mwiba wa samaki husimama jikoni na kunung'unika mpaka usiku. Nilimwomba aende kwa daktari. Akasema lengelenge si ugonjwa. Nami sikujua nimwambie ninaogopa nini, kwa kuwa hakulalamika maumivu. Utamsihi vipi mtu aende hospitali kwa sababu haumwi?

Michirizi ya barafu ilipoyeyuka, minong'ono ikaanza uwanjani. Niliisikia kwa sababu mpakuaji wa kari hana masikio machoni mwa watu. Mmoja alisema alimpiga Sungura mgongoni, waziwazi, na Sungura akaendelea kutambaa. Mwingine akasema naye alimpiga. Dobashi alisikiliza, akakoroga mchuzi wake, akasema kwa sauti ndogo isiyo yake, "Basi ndiyo ujasiri wenyewe huo. Zombi."

Jumapili iliyofuata benchi la Kaname lilikuwa tupu pande zote. Alikaa, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainamisha uso kwenye sahani. Hakuna kitu kilichoniuma kama kule kula kwake, polepole, mpaka punje ya mwisho, kwa kuwa kuondoka kungekuwa kukiri. Bi Orito, ambaye hapendi makuu, alimwita pembeni baada ya chakula, akamwambia kwa adabu kwamba pengine fulana yake ya kinga ni nene mno. Kaname aliinama mara nyingi kumshukuru.

Tulipofika nyumbani akaniambia kwamba yeye hajamdanganya mtu. "Naapa, Mama Nagi. Nikipigwa nasema. Hawanipigi." Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa anaitazama ile fulana ya kinga. Aliishonea mwenyewe sponji ndani, wakati ule wa uoga wake. Akachukua mkasi, akaifumua yote. Mara iliyofuata alikwenda na shati jembamba tu, na miwani yake ya kinga, wala hakuvaa sweta chini. Alirudi akitetemeka kwa baridi. Nilimuuliza amesikia mapigo mangapi. Akasema mawili, yote upande wa kulia. Kisha akapapasa bega lake la kushoto, na nikaona kwamba wazo lile lile lililokuwa kichwani mwangu limebisha hodi kichwani mwake.

Kuna msemo kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nilikuwa nalala nao na kuamka nao kila siku.

Tulirudi Yachimata maua ya cheri yakiwa yameanza kudondoka. Kaname hakuingia mchezoni asubuhi. Watu walipokwenda bandani kula, alinishika mkono, akanipeleka nyuma, kwenye njia ya kujaribia bunduki, penye sahani za bati zinazoning'inia. Nagi nilimwacha kwa Bi Orito. Alinipa bunduki yake, ile laini kuliko zote, akanivalisha miwani ya kinga, akaniambia nitakalofanya. Atasimama mbali kidogo, mgongo kwangu, na shati moja. Nipige ninapotaka, bila kumwambia wapi. Akisikia, atainua mkono.

"Siwezi kukupiga," nikamwambia.

"Nani mwingine nitamwomba? Wao hawaniamini." Akatabasamu kidogo. "Na wewe huna shabaha, kwa hiyo sijui itakuja wapi. Ndiyo vizuri."

Alikwenda akasimama. Mgongo wa mume wangu niliujua, niliuona kila siku, lakini pale ulionekana mdogo kama wa mtoto aliyeadhibiwa. Nikapiga upande wa kulia, chini ya bega. Mkono ukainuka papo hapo, akashusha. Nikapiga tena kulia. Ukainuka. Pumzi ikanirudi, nikaanza kudhani tumejitisha bure.

Nikapiga kushoto. Nikaona shati likiruka. Mkono haukuinuka.

Nilidhani macho yamenidanganya. Nikapiga tena, karibu na shingo, kisha chini, kisha nyuma ya mkono. Kila mara kitambaa kilicheza kama kimedonolewa na kuku, na Kaname alisimama tu, ametulia, akitazama mierezi. Ndege alikuwa analia juu. Kutoka bandani zilisikika kelele za vijiko.

"Mbona hupigi?" akauliza.

Nikapiga tena, kwa matumaini, gololi moja nyuma ya nyingine.

"Piga basi, Mama Nagi. Kari inapoa."

Nyuma yangu mtu aliweka sahani juu ya meza. Alikuwa Dobashi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, wala alifuata nini, labda alikuja kuhakikisha kwamba Sungura hafanyi hila na bunduki. Uso wake mkubwa ulikuwa mweupe. "Shemeji," akasema taratibu, "weka chini hiyo bunduki." Akaipokea, akaitoa betri kama desturi inavyotaka, kisha akatembea mpaka kwa Kaname na kumwinulia shati. Mgongo wa kushoto ulikuwa na madoa mekundu yamejipanga kama upele wa tetekuwanga, mengine yameanza kuvimba. Kaname alitugeukia. Alitutazama mmoja mmoja, na hakuna aliyehitaji kumwambia.

"Mangapi?" akauliza.

"Kaka," Dobashi akasema, "kesho mimi siendeshi lori. Nawapeleka hospitali."

Hospitali ilikuwa ya mji mkubwa, na daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono mikavu. Alimfunga Kaname macho, akamgusa kwa ncha ya pini, kwa chupa ya maji moto, kwa barafu. Nami nikakaa kwenye kiti cha ukutani, nikaona tena yale niliyoyaona Yachimata. Pini ilizama kidogo begani na yeye akangoja aulizwe. Ajabu ni kwamba pamba aliisikia. Mguso aliusikia. Kilichopotea ni maumivu, na moto, na baridi. Ndiyo sababu hakujua: gololi isiyouma ilikuwa kwake shati tu linalopeperushwa. Kisha wakamwingiza kwenye ile mashine ndefu kama bomba. Mimi nilijua jinsi anavyoogopa mahali palipobana, nikasubiri nimsikie akiita. Hakuita. Alitoka amelowa jasho.

Daktari alituonyesha picha. Akasema sehemu ya nyuma ya ubongo imeshuka, imeziba njia ya maji, na maji yakajichimbia tundu ndani ya uti wa mgongo. Tundu linakua. Likiachwa, litakula nguvu za mikono, kisha miguu. Upasuaji unaweza kulisimamisha. Hakuficha kwamba kisu kikipita huko, mtu anaweza kuamka bila miguu, au asiamke. Na kilichokwisha kupotea, alisema, asiahidiwe kwamba kitarudi. Kaname aliuliza kama atakuwa anaweza kumbeba mtoto. Daktari akasema hilo ndilo wanalojaribu kuliokoa.

Nyumbani alikaa mezani, palepale alipokuwa anatandika magazeti, mikono mitupu.

"Naogopa," akasema.

"Nami."

"Si kama nyuki. Hivi naogopa kweli."

Nilimwambia aogope tu, ilimradi twende. Akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo tulivyoamua, hatukuwa na maneno mengi.

Siku ya upasuaji Dobashi alikaa nami kwenye ukumbi, amepakata kofia yake. Alikuwa amemletea Nagi mkate wa maharagwe matamu, akamlisha vipande vidogo kwa vidole vyake vya usukani. Milango ilifunguka na kufungwa, na kila ilipofunguka niligeuka kutazama. Baada ya muda mrefu akasema bila kunitazama kwamba yeye ndiye wa kwanza kutamka lile neno.

"Najua," nikamwambia. "Nilikuwa napakua."

Akainama, paji la uso karibu liguse magoti. Nilimwacha ainame kidogo, maana hasira nilikuwa nayo. Kisha nikamwambia ukweli, kwamba kama wote wangeendelea kumsifu kwa ujasiri, tungejua lini? Alifuta makombo kwenye kidevu cha Nagi.

Kaname aliamka jioni. Walimwambia asogeze vidole vya miguu, na chini ya shuka nikaona kitu kikicheza, kushoto na kulia. Nilishika ukuta.

Sasa amerudi kazini, ila makopo ya moto huyachukua kwa glovu nene na hunionyesha mikono kila jioni kama mtoto wa shule. Yachimata huenda, lakini haingii msituni. Wenzake walimwambia watamsemea, kwamba atakayeona gololi inamgonga ampigie kelele kwa niaba yake. Alikataa kwa heshima. Alisema mchezo ambao mwili wako unasemewa na wengine si mchezo tena, na hata yeye asingejua kama anaaminiwa au anahurumiwa. Hukaa asubuhi kwenye meza ya kupimia nguvu za bunduki, akiwakatalia wenye springi kali. Benchi lake halibaki tupu.

Tundu limenywea, halijakwisha. Kila nusu mwaka wanampiga picha nyingine. Lakini nusu mwaka ni mrefu, na mimi nimejitengenezea kipimo changu. Jumapili akikaa mbele yangu bila shati, nachukua ncha ya uma wa matunda, naanza begani kushoto, naivuta taratibu kuelekea uti wa mgongo, nikiuliza kila hatua kama inachoma. Sasa? Bado. Sasa? Bado. Ana baka dogo jeusi karibu na uti, na palepale kwenye baka ndipo anaposema, hapo. Tangu kiangazi ni hapo hapo. Nikilifikia baka nafunga macho mpaka aseme.

Jumapili iliyopita ncha ilifika kwenye baka naye hakusema.

Nikangoja. Nikasogeza kidogo. Akawa kimya, ananisikiliza nilivyoacha kupumua. Nikasogeza tena, ndipo akasema hapo. Nje jirani alikuwa anaanua godoro, analipiga kwa fimbo.

"Imepita baka?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Mgongo wake hauoni.

"Imepita. Upana wa kidole."

Alivaa fulana, akageuka, akauchukua ule uma mkononi mwangu, akauweka mezani. Akasema tusingoje mwezi wa picha.

Nimepiga simu hospitali asubuhi. Wametupa Alhamisi.